Baba wa Saa Kumi

3 Machi

Kampuni ya masomo ya mtandaoni inataka kila mwalimu awe na daftari la kuandika somo lilivyokwenda: mwanafunzi ni nani, mmeongea nini, amekwama wapi. Nimenunua lenye kurasa mia mbili. Za mbele nitawaandikia wao. Za nyuma ni zangu, na pande mbili zikija kukutana katikati nitajua la kufanya.

Leo nimeanza. Mwanafunzi wangu ni msichana wa Korea anayeitwa Ha-rin, ana miaka ishirini, yuko chuo. Kazi yangu ni kuongea naye Kiingereza nusu saa, siku nne kwa wiki, saa kumi jioni ya huku, ambayo kwake ni saa nne usiku. Sifundishi sarufi. Tunaongea tu ili ulimi wake uzoee. Miaka miwili cheti changu cha ualimu kimelala kwenye begi bila ajira, na leo nimepata kazi ya kupiga soga. Aliyenitafutia ni kaka Gody, mtoto wa baba mdogo Eliud, anayefundisha Kiingereza sekondari huko Bunda. Mungu ambariki.

Mtandao wa kwetu uko juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi. Ukishuka hapo simu inabaki tochi. Nilipanda na kigoda na mwavuli wa jua, Bibi akinitazama kutoka barazani.

"Unaongea na nani huko juu?"

"Na Mkorea, Bibi."

"Anakusikiaga?"

"Ananisikia vizuri."

"Basi mwambie mvua imechelewa."

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Bibi hakwenda kanisani. Kovu la wayo wake wa kulia limeanza kufunguka, kama kila msimu wa mvua, ingawa mvua yenyewe bado. Anasema ni jembe lilimkata zamani. Katekista alimfuata na majivu nyumbani, akampaka akiwa anamenya mihogo, na yeye hakuweka kisu chini.

6 Machi

Mada ya leo ilikuwa familia. Swali la kwanza kwenye orodha ya kampuni: baba yako anafanya kazi gani?

Hapa kijijini swali hilo haniulizi mtu. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Bibi Nyamburi alifiwa na mumewe, Mzee Mugeta, bila kupata mtoto wa kiume. Ili mji usizimike, akatoa ng'ombe zake mwenyewe akamwoa mama yangu, Yuliana, na mtoto atakayezaliwa awe wa Mugeta. Nikazaliwa mimi, peke yangu, na wa kike. Mwanaume aliyepita hapo katikati haulizwi na hatajwi. Kumtaja ni kumwambia Bibi kwamba ng'ombe zake zilikwenda bure. Kwenye vyeti vyangu vyote ni Debora Mugeta, na huku kwetu jambo hilo ni la kawaida kabisa. Nilikuja kujua kwamba linachekesha nilipokwenda chuo Musoma, nikawaeleza wenzangu bwenini. Walicheka wiki nzima. Mmoja alikuwa ananiamkia, "Habari za baba, amesuka nywele?"

Kwa hiyo leo, ningeelezaje yote hayo kwa Kiingereza katika dakika tano? Nikamwambia ni mvuvi wa Mugango, tukaenda swali la pili.

Sijui kwa nini Mugango. Labda kwa sababu nilipokuwa mdogo tulikwenda huko na Mama kuuza mihogo, nikamwona mwanaume akimshusha binti yake mtumbwini kwa kumshika kwapani, taratibu, asilowe. Nilimtazama yule binti mpaka Mama akanivuta.

11 Machi

Chakula. Nilieleza ugali wa muhogo na mtama, na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha. Ha-rin anaandika kila neno. Mvua hakuna.

13 Machi

Ha-rin ameuliza tena habari za baba, bila kuulizwa na orodha. Anasema baba yake hutoka yeye hajaamka na hurudi yeye amelala, na Jumapili analala mchana kutwa. "Wa kwako huwa anafanya nini akiwa nyumbani?"

Nikatazama chini ya jiwe. Bibi alikuwa na redio sikioni, anatafuna hindi la kuchoma kwa upande wa kushoto, anambishia mtangazaji. Nikamwambia Ha-rin: baba yangu hutafuna mahindi kwa upande wa kushoto tu, na hubishana na redio. Alicheka sana. Mimi pia nilifurahi, lazima niseme ukweli. Ikifika saa kumi ninaye baba, ikifika saa kumi na nusu ninashuka.

17 Machi

Baba mdogo Eliud amekuja kumwona mgonjwa, ameleta sukari. Baba yake alikuwa mdogo wake Mzee Mugeta; kwa umri wake nimezoea kumwita baba mdogo. Alikaa na Bibi dakika kumi. Kisha akazunguka shamba la bondeni saa nzima, akifuata mstari wa mkonge wa mpakani, mikono nyuma.

"Mama mkubwa," alisema aliporudi, "mguu huo ukikushinda, mji huu nani atausimamia?"

"Si yupo Debora."

"Debora ataolewa."

"Aliyekwambia nani?"

Eliud akanywa chai yake akaondoka. Bibi akaniambia nipeleke ile sukari kwa katekista.

19 Machi

Mvua, hatimaye. Hakuna somo. Chini ya bati hujisikii hata mwenyewe.

20 Machi

Mvua.

25 Machi

Mada: siku usiyoisahau. Nilikuwa nimepanga kueleza siku ya mahafali. Badala yake nikaeleza mto.

Nilikuwa darasa la pili. Mvua ilinyesha tukiwa shuleni, na tuliporudi tukakuta mto umejaa. Watoto wa ng'ambo ya huku tulisimama kandokando tunalia, mimi, Gody aliyekuwa darasa la nne, na wengine kama sita. Wazazi walisimama upande wa pili wakingoja maji yapungue. Mmoja tu aliingia. Maji yalimfika kiunoni. Akaja akanipandisha mgongoni, akaniambia nimshike shingo, nisitazame chini. Katikati ya mto akasimama ghafla, nikahisi mwili wote unamtetemeka. Kisha akaendelea mpaka tukatoka.

Nilipomaliza nikadhani mtandao umekatika. Kumbe Ha-rin analia. Akauliza baba alikuwa amevaa nini, maana anataka kumwona vizuri. Nikasema mabuti ya wavuvi, meusi, yanayofika magotini.

Mabuti nimeyatunga. Mabuti na mwanaume mwenyewe. Mengine yote yalitokea, na aliyeingia majini ni Bibi Nyamburi.

Niliposhuka nilimkuta anapasha maji ya kukanda mguu. Nilishindwa kumtazama. Naona aibu, na sijui kama ni aibu ya kudanganya au ni ileile ya bwenini Musoma ambayo haijaniisha.

27 Machi

Ha-rin ana mashindano ya hotuba chuoni kwao mwezi ujao. Mada: mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Ameomba azungumze habari za baba yangu.

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema sawa. Korea ni mbali.

3 Aprili

Tunafanya hotuba tu. Ameigawa vipande, anakariri, mimi namsahihisha matamshi. Kwa hiyo sasa mara nne kwa wiki nakaa juu ya jiwe nikisikiliza mtu mwingine akinisimulia baba yangu. Mtumbwi ameupaka rangi ya bluu. Sikumwambia bluu.

8 Aprili

Mguu wa Bibi umevimba mpaka kifundoni. Amekataa hospitali. "Mguu huu unanijua," anasema, "ukichoka utatulia." Harufu imeanza. Mama anachemsha nguo za kufungia kila asubuhi, na mimi nikimshika Bibi kwapani kumpeleka nje naona amekuwa mwepesi.

9 Aprili

Mvua. Mtama wa bondeni umelala.

14 Aprili

Gody amepita akitoka Bunda kwa likizo. Alikaa na Bibi jioni nzima akimkanda mguu, akimtania kwamba atamwoa yeye awe mke wa pili. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nikawaza jinsi baba na mtoto wanavyoweza kutofautiana.

28 Aprili

Ha-rin amekuwa wa pili. Amenitumia video. Yupo jukwaani na gauni jeupe, sauti imetulia, na nyuma yake ukutani kuna picha yangu niliyopigwa hapa juu ya jiwe, kubwa, na jina langu chini yake. Watu wanapiga makofi. Anataja Mugango, na Butiama kwetu.

Nimeitazama mara tano. Kisha nimeiweka kwenye status. Nani nyumbani anajua Kiingereza? Wataona mtoto wao yuko ukutani Korea, basi.

29 Aprili

Ujumbe wa Gody, asubuhi: "Hongera dada. Mto ule naukumbuka. Huyo mvuvi simkumbuki."

Nilisahau Gody. Mtu aliyenitafutia kazi ya Kiingereza, nikasahau kwamba anajua Kiingereza. Nimefuta video. Nimempigia, hapokei.

2 Mei

Gody alikuwa ameihifadhi video, amemwonyesha baba yake. Na baba yake amemwonyesha kila mtu.

Eliud alikuja leo bila sukari. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba amemwomba Mzee Florian, mkubwa wa ukoo, aitishe kikao tarehe kumi hapahapa uani, kwa sababu mtoto wa mji huu ametangaza mwenyewe kwamba ana baba yake kwingine.

Bibi aliniuliza, "Anasema nini huyu?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule. Alinisikiliza hadi mwisho. Akamwita Mama amsaidie kuingia ndani, na tangu hapo hajasema na mimi.

Kinachogombewa nakiandika wazi, nisijifiche. Kikao kikisema mimi si mtoto wa Mugeta, basi Bibi hana mtoto. Akifa, mji na shamba la bondeni vinakwenda kwa Eliud, na Mama, ambaye ametoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, anafunga mzigo. Na Bibi mwenyewe atakufa akijua kwamba ule ukoo wa mumewe umemwambia maisha yake yote hayakuzaa kitu. Nimefanya hivyo mimi, kwa kuona uvivu wa kueleza jambo kwa dakika tano.

4 Mei

Mama amenifuata jikoni. Amefunga mlango, na mlango wa jiko letu haufungwagi.

"Nani alikwambia habari za Mugango?"

"Hakuna, Mama. Nilitunga."

"Usinidanganye."

"Naapa. Nilimwona tu mtu na mtoto wake, siku ile ya mihogo."

Akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Hakuwa mvuvi," alisema. "Maji alikuwa anayaogopa hata ya kwenye karai. Na hilo ndilo la mwisho utasikia kwangu."

Akafungua mlango akatoka. Miaka ishirini na sita sikuwahi kuwaza kwamba Mama naye anamkumbuka mtu. Nilikuwa nadhani amesahau kwa amri.

5 Mei

Nimemwambia Ha-rin naumwa. Mvua.

8 Mei

Mvua. Bibi ana homa.

10 Mei

Ni jioni. Naandika kikao kama kilivyokwenda.

Walikuja wanaume kumi na wawili na wanawake kama watano, wakakaa uani kwenye mabenchi ya kigango, maana asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mzee Florian alikaa mezani na daftari la ukoo, lile lenye jalada la turubai. Bibi walimtoa ndani akiwa kwenye kiti cha uvivu, mguu umefungwa kanga. Mimi nilikaa chini, karibu na Mama. Gody alisimama nyuma ya baba yake na simu.

Eliud aliongea vizuri, sitamsingizia. Hakutukana mtu.

"Sina ugomvi na mama mkubwa. Alifanya kama mila inavyosema, akatoa ng'ombe, na sisi tulikula ile harusi. Tukasema mtoto ni wa Mugeta. Hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa mtoto mwenyewe amesimama mbele ya watu, mpaka Ulaya huko wamesikia, akasema baba yake ni mvuvi wa Mugango. Si mimi niliyesema. Kama ana baba, aende kwa baba yake. Mila inamtaka asiwe naye."

"Korea si Ulaya," nilisema.

"Ni kulekule."

Mzee Florian akaniuliza, "Binti, ulisema hayo?"

"Nilisema, baba. Lakini nilidanganya."

"Mtu anadanganyaga baba?"

Wale wanawake watano waliinama. Mmoja, niliyesoma na mwanawe, alitikisa kichwa, na hapo nikajua nimeshindwa.

Florian akaagiza video ichezwe, Gody atafsiri. Sauti ya Ha-rin ikatoka pale uani, nyembamba, na ya Gody ikiifuata kwa Kiswahili. Nilitegemea ataruka mengi aende moja kwa moja kwenye Mugango. Hakuruka. Alitafsiri mahindi yanayotafunwa kwa upande wa kushoto. Alitafsiri redio inayobishiwa. Mtu mmoja kwenye benchi akacheka kidogo, akanyamaza. Alipofika kwenye mto, sauti yake ikapungua, akatafsiri taratibu: maji kiunoni, shingo, usitazame chini, kusimama katikati.

"Rudia hapo," Bibi alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu asubuhi.

"Wapi, Bibi?"

"Kwenye nguo. Alivaa nini huyo mtu?"

Gody akarudisha. "Anasema mabuti. Marefu, meusi."

Bibi akageuka akanitazama, baada ya siku nane.

"Debora. Alikuwa na mabuti?"

"Hapana, Bibi."

"Alikuwa na nini?"

"Hakuwa na kitu. Alikuwa miguu mitupu."

Akamwambia Mama afungue kanga. Mama akasita, Bibi akaanza kuifungua mwenyewe, basi Mama akapiga magoti akamsaidia. Harufu ikatufikia sote. Bibi akanyoosha mguu akauweka juu ya meza ya Mzee Florian, kando ya daftari, wayo ukiwatazama wanaume.

"Katikati ya mto kulikuwa na chupa imevunjika," alisema. "Niliikanyaga. Ningeinama kuitoa tungekwenda na maji wote wawili. Nikatembea nayo mpaka ng'ambo, mtoto yuko mgongoni. Nyumbani nikamwambia nimejikata na jembe, asije akaogopa kwenda shule. Mpaka leo nilikuwa nasema jembe. Eliud, wewe ulikuwa umesimama upande wa huku siku ile, unamngojea mwanao. Nani aliingia majini?"

Eliud alitazama chini.

"Nakuuliza."

"Baba," Gody alisema, "ni Bibi aliyeingia. Nilikuwepo. Nilikuwa nalia na mimi nikitamani aje anichukue."

Kuku alipita chini ya meza. Eliud alifuta uso kwa kiganja.

"Ni yeye aliyeingia," alisema.

"Basi huyo mvuvi mnayemtafuta," Bibi alisema, "ndiye mimi. Mtoto ameniongezea mabuti tu."

Mzee Florian hakutoa hotuba. Alifungua daftari la ukoo, akaandika kwamba mji wa Mugeta unaye mtoto, Debora, na kwamba Nyamburi akiondoka mji na shamba la bondeni vitabaki kwa Yuliana na Debora, na suala hili halitaletwa tena. Akampa Eliud wa kwanza kuweka dole gumba. Eliud akaweka. Bibi akaweka. Niliweka mwisho, na wino ulikuwa umebaki kidogo sana.

Mimi sikujua habari za chupa. Miaka yote hii nimekanda kovu lile kila masika, nikimlaumu kwa kutokuwa mwangalifu na jembe.

11 Mei

Niliamini yameisha. Nilimpelekea uji, nikakaa kitandani kwake, nikashika mkono. Akauondoa.

"Jana nilikusemea mbele ya watu. Leo tuko wawili. Kwa nini ulinitoa kwenye ule mto?"

"Niliona aibu, Bibi."

"Aibu ya nini?"

"Walinicheka kule Musoma."

"Mimi walinicheka hapahapa. Siku nilipokwenda kumposa mama yako nilikuta wanaume wamekaa njiani, wakanicheka mpaka nikafika. Nikaposa. Na kurudi wakanicheka." Akakoroga uji bila kuunywa. "Nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza kutoniona kichekesho."

Nililia. Yeye hakulia. Akasema uji una chumvi nyingi.

13 Mei

Nilipanda kwenye jiwe saa kumi. Nilimwambia Ha-rin ukweli wote: ng'ombe, harusi, Mama, Mugeta aliyekufa kabla sijazaliwa, bwenini Musoma. Ilichukua nusu saa nzima na bado ilibaki. Kwa hiyo kweli dakika tano zisingetosha, ila nusu saa ilikuwepo siku zote.

Ha-rin ana haki ya kukasirika. Alisimama mbele ya watu mia tatu na uongo wangu, kwa gauni la kukodi.

Mwisho akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hakuna aliyekubeba?"

"Nilibebwa."

"Na alisimama katikati?"

"Alisimama. Alikuwa amekanyaga chupa."

Akakata simu. Au mtandao. Sijui.

15 Mei

Hakuna somo. Ha-rin hakuingia.

16 Mei

Gody ameleta gari la rafiki yake. Aliniambia nyuma ya zizi, bila kunitazama, kwamba alimwonyesha baba yake ile video kwa hasira, si kwa ajili ya shamba. "Ulimfuta mtu ninayemkumbuka mimi mwenyewe," alisema. "Sikufikiria mbali." Nikamwambia hata mimi sikufikiria mbali. Tukamnyanyua Bibi pamoja, tukampeleka hospitali Musoma. Eliud alikaa kiti cha mbele, amebeba chupa ya chai na mkeka.

17 Mei

Daktari anasema tumechelewa kumleta. Mguu utakatwa chini ya goti, la sivyo sumu inapanda. Mama ametoka nje akakaa kwenye ngazi. Bibi aliuliza mara moja tu kama ni lazima. Kisha akasema, "Kabla hawajaukata, mwiteni Eliud, mumwulize kama ameuangalia vya kutosha." Eliud alikuwa nyuma ya pazia, alisikia. Alicheka huku anafuta macho.

18 Mei

Ujumbe kutoka Korea. Ha-rin ameandika hotuba upya, ingawa mashindano yameisha na hakuna atakayeisikiliza. Amenitumia niisome. Mugango haimo, wala mtumbwi wa bluu. Mwanzo wake unasema: baba wa mwalimu wangu anaitwa Nyamburi. Chini ameandika, "Mabuti nimeyatoa."

Nimemsomea Bibi kwa Kiswahili, polepole. Alifumba macho nikadhani amelala.

"Mwambie na maji yalikuwa baridi," alisema.

19 Mei

Asubuhi alikuja muuguzi na fomu ya kukubali upasuaji. Ni msichana wa umri wangu, mgeni wa mkoa huu kwa lafudhi yake, amechoka. Bibi alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, kajifunika shuka la hospitali, nywele Mama amemsuka jana.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" muuguzi aliuliza.

"Mtoto wake."

Akatazama tarehe ya kuzaliwa ya Bibi, akanitazama mimi. "Mjukuu?"

"Mtoto. Huyu ni baba yangu."

Kalamu ikasimama. Wodi ina vitanda kumi na vinane, na kila aliyeweza kugeuza shingo aligeuza. Mtu mmoja kule dirishani alianza kucheka. Nilisikia masikio yanapata moto, kama kule bwenini, na nikangoja niisikie ile aibu yote. Ilikuja. Nikabaki nimesimama nayo.

"Dada, nina wagonjwa wengi," muuguzi alisema.

"Najua. Andika mtoto wake. Nyamburi ndiye baba yangu."

Akamgeukia Bibi kuomba msaada.

"Andika anavyokwambia," Bibi alisema, akanishika mkono, na safari hii hakuuondoa mpaka tulipofika mlango wa chumba cha upasuaji.

Ni saa tano. Wamemwingiza. Kandambili zake ninazo mimi, zote mbili.